Sydney 2000: Nyayo tupu uwanjani

Jumamosi ya tarehe 30 Septemba mwaka 2000, siku moja kabla ya kufungwa kwa Michezo ya Olimpiki ya Sydney, wanawake waliofuzu kwa fainali ya mbio za mita 10,000 walijipanga mstarini katika uwanja mkuu wa Homebush. Wapinzani wakuu wa siku hiyo walikuwa wamevaa viatu vyepesi vya misumari, vya aina ambayo makampuni hutumia fedha nyingi ili kupunguza uzito wa gramu chache tu. Tegla Loroupe wa Kenya, mwenye umri wa miaka 27 na umbo dogo kama la binti wa shule, hakuvaa chochote. Alisimama juu ya mpira wa uwanja ule kwa nyayo zake alizozaliwa nazo.

Haikuwa kwa sababu ya kukosa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Berlin, Loroupe alikuwa ameiboresha rekodi ya dunia ya marathon kwa wanawake, rekodi iliyokuwa yake mwenyewe, kwa kutumia saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathon ya New York. Mtu wa namna hiyo viatu humfuata mlangoni vikiwa ndani ya maboksi. Lakini katika mbio za uwanjani alikuwa na mazoea yake. Aliposhinda mita 10,000 katika Michezo ya Nia Njema, yaani Goodwill Games, mwaka 1994 na tena mwaka 1998, mara zote mbili alikimbia miguu mitupu.

Sydney haikumtendea wema. Usiku wa kuamkia marathon ya tarehe 24 Septemba, ambayo wengi walimtarajia aishinde, chakula kilimdhuru vibaya. Hata hivyo alijitokeza, akavuka daraja kubwa la bandari ya Sydney pamoja na wenzake, akamaliza katika nafasi ya 13. Watu wengi wangefunga mizigo na kurudi nyumbani. Yeye alibaki, na siku sita baadaye akavua viatu. Katika fainali hiyo Paula Radcliffe wa Uingereza aliongoza mzunguko baada ya mzunguko, lakini kutangulia si kufika. Derartu Tulu wa Ethiopia alichomoka katika mzunguko wa mwisho na kujinyakulia dhahabu kwa dakika 30 na sekunde 17, na Radcliffe akaondoka bila medali yoyote. Loroupe alimaliza wa tano. Baadaye alieleza kwamba alikimbia kwa kuwahisi nyuma yake watu wa nyumbani waliomtazama kama mbeba matumaini yao.

Nyumbani huko ni Pokot Magharibi, katika milima ya Cherangani, mahali penye baridi kali wakati wa alfajiri. Alikozaliwa Loroupe, shule ilikuwa umbali wa kilomita zipatazo kumi, na njia ya kufika huko ilikuwa ni kukimbia. Yeyote aliyesoma shule ya msingi mashambani katika Afrika Mashariki anaijua njia ya aina hiyo, ijapokuwa ya kwake huenda ilikuwa fupi zaidi. Anajua jinsi umande unavyouma vidole kabla ya jua kuchomoza, na jinsi watoto wa wafugaji wanavyokimbilia mahali ng'ombe alipolala, wakasimama hapo kidogo ili nyayo zipate joto. Anajua vumbi la saa saba mchana, laini kama unga lakini lenye moto, linalomfanya mtu arukeruke kutoka kivuli hadi kivuli. Anajua tope la masika linapopenya katikati ya vidole likitoa sauti yake. Na kwa aliyekulia mwambao, upo mchanga wa maji kupwa, uliopangwa na mawimbi kama mbavu, unaougusa wayo mahali ambapo kiatu hakifiki kamwe.

Starehe hiyo haikuandikwa sana. Waliokuwa nayo hawakuona kwamba ni jambo la kuandikwa, na waliokuwa na kalamu walikuwa wamevaa viatu. Historia ya miguu mitupu katika Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, imeandikwa kama historia ya unyonge.

Sababu zipo. Katika Zanzibar ya karne ya 19 kiatu hakikuwa kitu cha kulinda mguu tu, kilikuwa ni tangazo. Watumwa hawakuruhusiwa kuvaa viatu, wala kufunika kichwa kwa kilemba au kofia kama waungwana. Mtu alipokutana na mwenzake katika vichochoro vya Mji Mkongwe, alitazama kichwani kisha miguuni, na kabla ya salamu alikwishajua azungumze naye vipi. Ndiyo maana baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya kisheria ya utumwa, mavazi yakawa miongoni mwa mambo ya kwanza kubadilika. Makubazi ya ngozi kwa mtu ambaye mama yake hakuwahi kuyavaa hayakuwa anasa. Yalikuwa ni hati ya uhuru iliyovaliwa mguuni, nayo ilionekana na kila mpita njia.

Hata hivyo, katika mwambao huohuo, kuvua viatu kulikuwa na bado ni heshima. Mlangoni mwa msikiti tajiri na maskini huacha viatu vyao pamoja, na anayeingia nyumba ya watu hapandi mkekani na makubazi yake. Kwa hiyo jambo lililokuwa na uzito halikuwa mguu wenyewe kuwa mtupu. Lililokuwa na uzito ni nani aliyeamua uwe mtupu.

Ukoloni ulipoingia, uamuzi huo haukuwa wa wengi. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi ya Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wale ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, walikwenda mamia ya kilomita wengi wao wakiwa hawana viatu. Na adui wa mguu hakuwa mwiba peke yake. Funza, yule mdudu anayechimba ngozi ya kidole na kutaga mayai akiwa humo, alikuwa mgeni katika bara hili. Alifika Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akasafiri na misafara kuvuka Kongo, na kabla ya karne ya 19 kumalizika alikwishafika pwani ya Bahari ya Hindi. Watu ambao babu zao walitembea peku bila hofu wakajikuta wanapoteza vidole. Kuna pia safura, inayoingia mwilini kupitia ngozi ya mguu, na kuna pepopunda. Anayesifu miguu mitupu bila kuyataja haya, hajawahi kukaa jioni na sindano mkononi akimtoa mtoto funza.

Kwa hiyo wanariadha wa kwanza wa Kenya walipofika Ulaya, macho yaliangukia miguuni mwao. Ilikuwa Julai mwaka 1954, katika uwanja wa White City mjini London. Lazaro Chepkwony aliingia katika mbio za maili sita bila viatu na akaanza kuwachezea wenyeji: mara aende mbio kama anakimbizwa, mara apunguze, kisha achomoke tena. Watazamaji wengine walicheka. Msuli ulimwangusha kabla ya mwisho naye akatoka. Siku iliyofuata Nyandika Maiyoro aliingia katika maili tatu, naye pia miguu mitupu, akakimbia mbele ya Waingereza waliokuwa miongoni mwa bora duniani kwa wakati huo, na katika mbio ambazo Freddie Green alivunja rekodi ya dunia, Maiyoro akamaliza wa tatu. Kicheko kilikoma hapo. Ni vigumu leo kueleza jinsi mbio hizo mbili zilivyokuwa na maana. Kabla yake, wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba Mwafrika anafaa kwa mbio fupi tu.

Miaka sita baadaye, usiku wa tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia aliishinda marathon ya Olimpiki mjini Rome akiwa peku juu ya mawe ya Njia ya Appia, barabara iliyojengwa na Warumi wa kale. Viatu alivyojaribu kabla ya mashindano vilimbana, na yeye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu. Alikwishapanga aongeze kasi karibu na mnara wa Aksum, ambao Waitalia walikuwa wameuchukua kutoka nchini mwake mwaka 1937, na hapo ndipo alipomwacha mpinzani wake wa mwisho. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, wakati bora kuliko wote uliowahi kupatikana. Magazeti ya dunia yalishika picha ya nyayo zile na hayakuziacha. Yalipenda kuzieleza kama nyayo za mtu fukara aliyetoka porini, ingawa Bikila alikuwa askari wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie na alifundishwa na kocha kutoka Sweden. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu na soksi, na kwa wakati bora zaidi. Picha hiyo haikupendwa kama ile ya kwanza.

Sydney ya mwaka 2000 ilikuwa mahali pa aina nyingine kabisa kwa mguu mtupu. Mgeni kutoka Afrika Mashariki anayefika katika jiji hilo hushangaa mapema. Amelelewa akiambiwa kwamba kwenda mjini bila viatu ni kuwaaibisha wazazi, kisha anamkuta mtu mzima, mwenye gari zuri na kazi ya maana, akiingia dukani karibu na ufuko wa Bondi peku, mchanga ukiwa bado vifundoni, ananunua maziwa na hakuna anayegeuka. Bustani ya Mimea ya Kifalme, iliyoanzishwa mwaka 1816 kando ya bandari, imejulikana kwa vibao vinavyowaomba wageni wakanyage nyasi. Kwa mtu aliyekulia kati ya vibao vya ofisi za serikali vinavyokataza jambo hilohilo kwa herufi kubwa, hiyo peke yake inatosha kumsimamisha.

Klabu ya waokoaji wa ufuko wa Bondi ilianzishwa mwaka 1907, na klabu za namna hiyo zimekuza michezo yao ya mchangani. Mmoja ni wa kugombea vijiti. Washindani hulala kifudifudi, nyayo zikielekea vijiti vilivyochomekwa mchangani nyuma yao. Ishara ikitolewa huinuka, hugeuka na kutimka. Vijiti huwa pungufu kwa kimoja kuliko watu, na anayekosa ametoka. Hakuna kiatu kitakachomsaidia mtu hapo. Vidole vinapaswa kuuma mchanga.

Lakini wenye nchi ile kabla ya Bondi kuitwa ufuko wa burudani walikuwa ni Waaborijini, na eneo la katikati ya Sydney lilikuwa la watu wa Gadigal. Waingereza walipotia nanga tarehe 26 Januari 1788, mguu mtupu wa wenyeji nao uligeuzwa kuwa ushahidi wa ushenzi, kama ilivyotokea baadaye Afrika. Vizazi vya watoto viliondolewa kwa wazazi wao na kupelekwa katika makambi na nyumba za misheni ili wafundishwe kuishi kizungu. Mmoja wa waliochukuliwa hivyo alikuwa bibi yake Cathy Freeman.

Freeman alizaliwa mwaka 1973, mwaka uleule aliozaliwa Loroupe. Jumatatu ya tarehe 25 Septemba 2000, siku tano kabla ya fainali ya mita 10,000, alikimbia fainali ya mita 400 katika uwanja huohuo mbele ya watu zaidi ya 112,000. Alivaa vazi la kubana lililofunika mwili wote hadi kichwani, na viatu vya kisasa. Alishinda kwa sekunde 49.11. Kisha hakurukaruka wala kupiga kelele. Aliketi chini katikati ya mngurumo ule, kama mtu aliyetua mzigo, akakaa kimya kwa muda. Akavua viatu. Alipoinuka alizunguka uwanja akiwa miguu mitupu, mikononi ameshika bendera mbili, ya Australia na ya Waaborijini, zikiwa zimeunganishwa.

Mengi yamesemwa juu ya bendera zile. Machache yamesemwa juu ya nyayo, na pengine ni sawa, maana huenda miguu yake ilikuwa imechoka tu na viatu vilimbana. Hata hivyo ni vigumu kuitazama picha ile bila kuona ya kwamba mwanamke huyu, baada ya kumaliza kazi aliyotumwa na taifa zima, alitaka kuigusa ardhi yenyewe.

Ardhi hiyo inazo kumbukumbu zake. Mwaka 2003, katika eneo la Maziwa ya Willandra, magharibi ya mbali ya jimbo la New South Wales ambalo Sydney ni makao yake makuu, binti wa Kiaborijini aliona alama ya unyayo katika udongo mkavu. Uchunguzi ulionyesha mamia ya nyayo za wanaume, wanawake na watoto, zilizoachwa katika tope miaka ipatayo 20,000 iliyopita. Wanasayansi walipima na kupiga picha, kisha wakawaita wasoma-nyayo wa kabila la Pintupi kutoka jangwa la kati, nao wakaona yaliyowapita wenye vipimo: hapa mtoto ameacha njia na kurudi, hapa wawindaji wanakimbia, na hapa amepita mtu wa mguu mmoja, akirukaruka kwa kasi bila gongo.

Wasikilizaji wa Tanzania hawatashangazwa na habari hiyo, kwa kuwa kwao kuna za kale zaidi. Katika Laetoli, karibu na Ngorongoro, kundi la watafiti wa Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 njia ya nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Kisigino kimezama kwanza, kisha upande wa wayo, kisha kidole gumba kimesukuma. Ni mwendo uleule wa mtu anayekwenda kisimani leo. Kiatu, tukilinganisha, ni kitu cha juzi.

Sayansi ilirudi kwenye suala hilo mwaka 2010, pale Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipochapisha katika jarida la Nature utafiti uliowalinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Kenya, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa waliokua bila kuvaa viatu. Walikuta kwamba anayezoea kukimbia peku aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na hivyo hukwepa ule mshindo unaompanda mwenye viatu anayetua kwa kisigino. Wamarekani wengi walitupa viatu vyao mara moja, na wengine wakaishia kwa daktari, kwani mguu uliofungwa miaka 40 haufunguliwi kwa wiki moja. Mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wasiozoea viatu, wakakuta wengi wao wakikimbia taratibu hutua kwa kisigino. Mguu, inaonekana, hauna kanuni moja. Husikiliza ardhi na mwendo, kisha hujiamulia.

Loroupe mwenyewe alianzisha taasisi ya amani iliyoandaa mbio za kuwakutanisha vijana wa jamii za wafugaji waliokuwa wakiibiana mifugo na kuuana. Kutoka huko kazi yake ikafika katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, ambako mwaka 2015 kulifanyika mbio za kutafuta wenye vipaji. Wengi wa wakimbizi waliojitokeza katika joto lile hawakuwa na viatu. Rose Nathike Lokonyen, msichana aliyeikimbia vita ya Sudan Kusini akiwa mtoto, alikimbia kilomita kumi miguu mitupu na kumaliza wa pili. Hakuwa amechagua, kama Loroupe alivyochagua Sydney. Hakuwa navyo tu.

Tarehe 5 Agosti 2016, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Lokonyen ndiye aliyebeba bendera mbele ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo. Kiongozi wa msafara alikuwa Tegla Loroupe. Siku chache baadaye Lokonyen aliingia uwanjani kwa mbio za mita 800, na safari hii alikuwa amevaa viatu.